Huyu Hana Kwao?

Ilikuwa pantoni ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumanne. Nilikuwa nimesimama upande wa kushoto karibu na ngazi, pale ambapo ukiwahi unapata chuma cha kuegemea na upepo wa kutosha. Ubavuni kwangu alikuwa mama mmoja ninayekutana naye karibu kila siku. Beseni jekundu la plastiki kwapani, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani. Yeye huvuka kwenda Feri kuwahi mnada wa samaki, ananunua vibua au changu wadogo, kisha anarudi nao Kigamboni kuwakaanga. Miaka miwili tunapanda pantoni moja, na maneno yetu hayakuwahi kuzidi shikamoo na marahaba.

Siku hiyo akanigeukia.

"Mwanangu, kila siku unasikiliza nini mpaka unaitikia kwa kichwa peke yako?"

Nikamwambia ni podikasti. Nikaona neno halijafika, nikasema ni watu wanazungumza habari za fedha, namna ya kutunza hela isipotee. Nikachomoa upande mmoja wa hedfoni nikampa. Akausogeza sikioni chini ya kanga, akatazama maji.

Msemaji alikuwa amefika pale ninapopapenda. Mshahara ugawe mafungu matatu, alikuwa anasema. Asilimia 50 mahitaji, asilimia 30 matakwa, asilimia 20 akiba. Kinachotoka nje ya mafungu hayo ni tundu kwenye ndoo. Ziba matundu.

Mama alisikiliza tangu pantoni inageuza pua mpaka tukafika katikati ya mkondo. Kisha akanirudishia hedfoni yangu, taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe cha jirani.

"Anasema vizuri," akaniambia. "Ila huyu hana kwao?"

Mlango ukashuka. Watu wakaanza kukimbia, na yeye akakimbia nao.

Wiki saba zimepita. Sijaweza kulitoa swali lile kichwani.

## Mafungu matatu

Nitaweka tarakimu zangu wazi, maana bila tarakimu jambo hili halieleweki.

Mshahara wangu ukishakatwa makato yote unabaki 620,000. Ukiugawa kwa kanuni ya podikasti, mahitaji yanapata 310,000, matakwa 186,000, akiba 124,000. Mimi nilikuwa naweka 60,000 tu, tena mwezi ukiwa umekaa vizuri. Nilipungukiwa 64,000 kufikia pale ninapotakiwa niwe.

Basi nikakaa na daftari usiku mmoja kutafuta matundu.

Kodi haina mjadala. Nauli nayo haina mjadala. Daladala kutoka Kibada mpaka kivukoni, pantoni 200, mwendokasi kutoka Kivukoni mpaka Magomeni, na kurudi hivyo hivyo jioni. Jumla 3,300 kwa siku. Siku 22 za kazi ni 72,600. Nakumbuka mwendokasi ulipoanza Mei 2016, nauli ya njia kuu ilikuwa 650, na watu walilalamika kwamba ni ghali. Nauli ni hela unayolipa ili upate ruhusa ya kwenda kutafuta hela. Huwezi kuibana bila kubana kazi yenyewe.

Macho yakatua kwenye mstari mmoja ambao podikasti haijaupa jina: Kutuma.

Mimi ni kifungua mimba katika watoto wanne. Baba alishatangulia. Mama yuko Muheza na michungwa yake na kuku wake. Kwa mama nilikuwa natuma 80,000 kila mwezi, na kwa mdogo wangu wa mwisho aliyeko chuoni Morogoro 40,000. Ule mstari ulikuwa mkubwa kuliko nauli. Ulikuwa mkubwa mara mbili ya akiba yangu.

Nikapunguza. Kwa mama nikakata 30,000, kwa mdogo wangu nikakata 20,000, na 14,000 zilizobaki nikazitoa kwenye chipsi za jioni na bando. Jumla 64,000 kamili. Nilijisikia kama mtu aliyefunga hesabu ya kampuni.

Kwa mama nilipiga simu nikasema mambo yamebana kidogo huku mjini. Baadaye akanitumia ujumbe mfupi, ule wa herufi kubwa tupu kwa kuwa hajui kuzipunguza: SAWA MWANANGU MUNGU ATAFUNGUA.

Kila mwezi nikawa nanunua vipande vya Mfuko wa Ukwasi pale UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja. Kipande ni sehemu yako ndogo katika hela ambazo watu wengi wamezichanga ziwekezwe pamoja. Unaanza na laki moja, ukishaanza unaweza kuongeza kidogo kidogo kuanzia elfu kumi. Kabla ya podikasti sikujua kipande ni nini. Shuleni hawakunifundisha, nyumbani hakuna aliyejua, na ofisini watu huongea mshahara kwa kunong'ona. Nawashukuru wale vijana kwa dhati. Wamenifungulia mlango niliodhani ni wa matajiri.

Miezi mitano ilipotimia nilikuwa nimeweka 620,000. Sawasawa na mshahara wangu wa mwezi mmoja.

Ilikuwa ndani ya wiki hiyo hiyo mama wa beseni jekundu aliponiuliza lile swali. Nami, nitasema kweli, nilimwonea huruma. Nilijiambia hajasoma, hajui uwekezaji, ndiyo maana mpaka leo anakaanga vibua.

## Jioni ni zamu ya muziki

Asubuhi ndiyo nina akili ya podikasti. Jioni kichwa kimejaa, mwendokasi umeshona watu mpaka mlangoni, na mimi nasikiliza zilipendwa.

Nimerithi kwa baba. Yeye alikuwa mtu wa Msondo, bendi ya dansi, na ukimtajia bendi ya Mlimani Park anakunja uso. Alipenda kutuhadithia kwamba bendi yake ilizaliwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi, na kwamba wanamuziki wale walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Chama kilipobadilika jina na bendi ikabadilika nacho, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka ikabaki na Msondo. Baba alikuwa na maelezo yake: wale wanajua tarehe 25 ina uzito gani, ndiyo maana wakiimba habari za mshahara unawaamini.

Kabla ya lile swali nilisikiliza magitaa. Baada ya lile swali nikaanza kusikiliza maneno.

Barua imetoka nyumbani. Mdogo mtu kaja mjini hana pa kulala. Kaka kapata kazi nzuri kasahau wenzake. Shemeji, mjomba, wifi, jirani, wazee wa kijijini. Muziki ule umejaa watu mpaka huoni pa kukaa. Asubuhi neno ninalolisikia zaidi ni "wewe": wewe na malengo yako, wewe na kesho yako. Na katika nyimbo zote za dansi ninazozijua, na ni nyingi, sikumbuki mwimbaji anayelalamika kwamba ana kwao. Wanalalamika kwamba hela haifiki.

Jioni moja nikiwa nasubiri pantoni ya kurudi, katikati ya watu waliokuwa wanarudi Kigamboni na mifuko yao, nikajikuta nalirudia lile neno. Kwao. Sisi tukikutana na mgeni, pengine hata jina hatujamuuliza, tunamuuliza kwenu wapi. Mtu akifa swali la kwanza ni anazikwa wapi, hapa au kwao. Tukitaka kumsifu mtu kwa adabu tunasema anaonekana ametoka kwa watu.

Na mimi kwenye daftari langu nilikuwa nimeliandika chini kabisa, baada ya bando.

## Kikopo

Mwezi uliofuata nilikwenda Muheza kwenye arobaini ya mjomba.

Nililala chumbani kwa mama kama ninavyolala siku zote nikienda. Asubuhi ya Jumapili nilikuwa natafuta sindano na uzi, kitufe cha gauni langu kilikuwa kinaning'inia. Mama huweka vitu vyake vidogo kwenye makopo ya mafuta ya mgando yaliyokwisha: kopo la vifungo, kopo la chenji, kopo la mbegu za mchicha. Nikafungua moja, halikuwa la sindano.

Ndani mlikuwa na vidonge vyake vya presha. Kila kidonge kimekatwa katikati.

Nilivimwaga kwenye kiganja. Vilikuwa vimekatwa kwa wembe, vingine sawasawa, vingine upande mmoja mkubwa upande mmoja mdogo, na chini ya kopo ulikuwa umebaki unga mweupe. Wembe wenyewe alikuwa ameuviringisha kwenye kipande cha gazeti, ukae pembeni.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anachochea uji wa watu waliolala pale baada ya arobaini.

"Mama, mbona dawa umezikata?"

Hakugeuka. "Nusu inatosha. Kichwa kikiuma namalizia nusu nyingine."

"Daktari kasema hivyo?"

"Daktari yuko mbali."

"Tangu lini?"

Akahesabu kwa mwiko, akigonga ukingo wa sufuria. Ikatoka miezi mitano.

Sikumuuliza kwa nini hakusema. Nilishindwa kulitoa swali. Alilijibu mwenyewe, kwa sauti ile ile ya kawaida anayotumia kuniambia kuna maji kwenye ndoo.

"Si ulisema mambo yamebana? Nilijua umetuma ulichokuwa nacho."

Nilikuwa na laki sita na ishirini.

## Mama na binti yake

Niliporudi Dar sikufungua podikasti kwa siku kumi. Nilivuka na masikio matupu, nikasikia injini, nikasikia watoto wa shule wakikaririshana majedwali, nikasikia wauza kahawa wakigonga vikombe. Halafu nikataka kujua kanuni ile ya mafungu matatu ilitoka wapi.

Aliyeieneza ni Elizabeth Warren, aliyekuwa profesa wa sheria na baadaye akawa seneta wa Massachusetts. Aliiandika kwenye kitabu pamoja na Amelia Warren Tyagi, wakakitoa mwaka 2005. Amelia ni binti yake.

Nilikaa na jambo hili muda mrefu. Mama na mtoto wake wamekaa mezani wakagawa mshahara wa familia mafungu matatu, na fungu la mama halimo.

Nilianza kukasirika, kisha nikaona hasira yangu haina msingi. Wao waliandika kwa ajili ya watu wa kwao. Marekani ina sheria ya pensheni ya wazee tangu mwaka 1935, na tangu 1965 ina bima ya afya ya wazee waliofikisha miaka 65. Mfanyakazi wa kule anapokea mshahara ambao fungu la wazee limeshakatwa juu kwa juu. Anapogawa kinachobaki, vidonge vya bibi vimeshaanza kulipiwa. Kanuni iko sawa kule ilikozaliwa. Sisi tumeichukua bila ile sehemu iliyokatwa kabla.

Mimi nakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kila mwezi. Ya mwajiri ikiongezwa, uzee wangu unatengewa kitu. Mama yangu hakuajiriwa siku hata moja ya maisha yake. Amepanda, amepalilia, amechuma, ameuza machungwa kwa walanguzi wanaokuja na lori na bei yao mfukoni. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba akifika miaka 66 apewe kitu fulani.

Siku nikichelewa nikiwa kwenye pantoni saa moja, huiona boti ya Zanzibar ikitoka bandarini, na mara nyingine tunasimama kuipisha. Kule Zanzibar mwaka 2016 walianza kutoa Pensheni Jamii kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, aliyewahi kuajiriwa na asiyeajiriwa. Walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Siwezi kuiita hela ndogo tena, sasa ninapojua mzee anaweza kukata kidonge kwa wembe kwa ajili ya elfu thelathini.

Mama yangu yuko bara. Pensheni yake ni mimi.

Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu nikaifuta, nikihofia kwamba inanitukuza. Haina utukufu wowote. Nilikuwa mfuko wa pensheni uliompunguzia mwanachama wake pasipo kikao wala barua, na ukamdanganya sababu.

Tena siko peke yangu. Mnakumbuka Julai 2021 tozo za serikali kwenye kutuma na kutoa hela kwa simu zilipoanza, kabla hazijapunguzwa Septemba mwaka ule ule? Pantoni nzima ilikuwa na mada moja. Sikumsikia mtu akisema tozo imemgusa kwenye biashara yake. Kila mtu alikuwa anasema: namtumia mzee, namtumia bibi, namtumia mtoto aliyeko kwa shangazi. Kila mtu alikuwa na mtu. Tuna hata msamiati wetu, "tuma na ya kutolea", na asiyeongeza ya kutolea tunamwona hajakamilisha alichoanza. Huu ni mfumo mzima wa hifadhi ya jamii, unaoendeshwa kwa simu za mkononi na watu waliosimama kwenye foleni, na ukiusikiliza kwenye podikasti unaitwa tundu.

## Lakini pia

Nisingependa mtu asome hapo juu akafikiri nasema tuma tu, tuma kila unachoombwa. Nimeshawahi kuishi hivyo na najua kunavyoishia.

Zile 20,000 nilizompunguzia mdogo wangu hazikumdhuru. Nilimuuliza, safari hii nikamuuliza vizuri, mpaka nikamwambia anionyeshe kwa video anachokula. Ameanza kuchapishia wenzake kazi kwa kompyuta aliyoazimwa, anapata za sabuni na zaidi. Akaniambia dada, zile nyingine ziache tu. Kwa hiyo mstari mmoja wa daftari, watu wawili, na matokeo mawili tofauti kabisa. Kosa langu halikuwa kupunguza. Nilipunguza kwa hesabu bila kwenda kuangalia.

Halafu kuna michango. Mwaka huu nimeingizwa kwenye magrupu manane ya harusi, na katika matano kati ya hayo simjui bwana harusi wala bibi harusi. Kadi inakuja na kima chake kimeandikwa, kamati inakukumbusha ahadi yako mbele za watu. Nilikuwa nikilipa nyingi ya hizo kwa haya. Katika miezi ile ile mitano niliyompunguzia mama, nilitoa 90,000 za michango ya harusi. Nimehesabu. Mama alikata vidonge, na mimi nilichangia mapambo ya ukumbi. Hapo podikasti ilikuwa na haki, na laiti ningeisikiliza hapo kabla ya kuisikiliza pengine.

Na kuna dada mmoja ofisini kwetu ambaye kwao walipofiwa alikopa kwenye programu ya simu ili atume. Hakuwa na kitu, akaona haya kusema hana. Ilikuwa kausha damu halisi. Siku ya saba alipochelewa, wakaanza kuwatumia ujumbe watu walioko kwenye simu yake, mpaka fundi cherehani wake, kwamba ni mdaiwa sugu na wamshauri alipe. Mimi pia niliupata. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni, na vijana wa podikasti walizungumzia jambo hilo kwa uchungu wa kweli. Ndiyo maana siwezi kuwaacha. Walimwokoa mtu ninayemjua, kwa kuwa nilimpa asikilize.

Nina wasiwasi mwingine, na huu ndio unaoniamsha usiku. Mimi nami nitazeeka. Sitaki mwanangu, Mungu akinijalia, akae na daftari siku moja achague kati ya nauli yake na vidonge vyangu. Kila kipande ninachonunua leo ni nusu kidonge ambacho yeye hatalazimika kukinunua. Nikimpa mama vyote, namrithisha mwanangu mzigo ule ule. Nikijiwekea vyote, mama anachukua wembe. Sijapata kanuni ya asilimia inayolimaliza hili, na nimeacha kuitafuta kwa watu ambao hawajui Muheza iko wapi.

Nilichofanya ni hiki. Nilitoa vipande vya 150,000, zile elfu thelathini mara tano, nikarudi nyumbani wiki mbili baadaye nikampeleka mama hospitali ya wilaya. Vipimo, vidonge vya miezi mitatu, na kipimo cha presha cha kufunga mkononi. Kwenye benchi la kusubiri akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umekopa wapi?"

Nikasema, "Sijakopa, mama. Zilikuwepo."

Alinitazama. Kisha akatazama mbele, akashika mkono wangu, hakusema neno mpaka tulipoitwa.

Daftari nimeliandika upya. Mstari wa kwanza, juu ya kodi, unaitwa Kwetu: mama 100,000, mdogo wangu 20,000. Michango ya harusi ina 10,000 kwa mwezi, ikiisha imeisha, na kamati nawaambia hivyo hivyo. Akiba 74,000, karibu asilimia 12. Na kila mwezi, kabla ya kutuma, napiga simu ya video na kumwambia mama anionyeshe kikopo.

## Pantoni ya leo

Nilikuwa namtafuta mama wa beseni jekundu. Wiki tatu sikumwona, nikafikiri anaumwa, nikajilaumu kwamba hata jina lake sijui. Leo asubuhi alikuwepo, pale pale karibu na ngazi.

"Shikamoo mama. Umepotea."

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa Mafia, nimemuuguza dada yangu." Akahamishia beseni upande wa pili. "Hajambo sasa. Haya, yule wako leo anasemaje?"

Nilitaka kumweleza habari za Muheza, maneno yakanikaa kooni. Nikamwambia leo anaeleza hatifungani za serikali. Unaikopesha serikali, unaanzia milioni moja, kila miezi sita inakupa riba yako mpaka muda uishe, halafu unarudishiwa milioni yako.

"Wanauza wapi?"

"Benki Kuu. Wanauza kwa mnada." Nikamwonyesha ile minara miwili, ilikuwa inaonekana vizuri ng'ambo, jua limeipiga upande mmoja.

"Mnada?" Akageuka kabisa sasa. "Kama wetu wa Feri?"

"Kama wenu wa Feri. Ila bei wanaandika kwenye karatasi au kompyuta, hakuna wa kupiga kelele."

Akaitazama minara. Pantoni ilikuwa imeshageuza pua.

"Na ukifa kabla muda haujaisha?"

"Wanarithi watu wako."

Alinyamaza kidogo. Halafu akaweka beseni chini, katikati ya miguu yake, akafuta kiganja kwenye kanga na kuninyooshea.

"Hebu."

Nikampa upande mmoja. Akausogeza sikioni chini ya kanga, akashika chuma kwa mkono mwingine, tukavuka hivyo, waya ukiwa kati yetu, tukisogezwa pamoja kila watu walipotusukuma. Mara mbili aliitikia kwa kichwa. Mara moja alisonya. Mlango ulipoanza kushuka na watu kukaza kwenda mbele, alichomoa hedfoni, akaiweka mkononi mwangu, akaokota beseni lake.

"Kesho utanimalizia," akasema, na akakimbilia mnadani.